Adabu ya Bunduki: Mazungumzo juu ya Uwindaji wa Fezanti

Jioni hii twataka kuzungumza nanyi juu ya ndege ambaye wengi wetu hatujapata kumwona kwa macho, na juu ya adabu ya wale wamwindao. Lakini kabla ya kusafiri mbali, na tusimame kidogo chini ya mwembe.

Kila msimu wa maembe sisi walimu huwaona watoto wakirusha mawe mwembeni. Mmoja yuko upande huu, mwenzake yuko upande wa pili, na wote wamelikazia macho embe lile lile. Arushaye huona embe tu. Hafikiri ya kwamba jiwe likilikosa embe litapenya majani, lipite, lishuke huko alipo mwenziwe. Mara nyingi Mungu hutusitiri, na mtoto hurudi nyumbani na kichwa kizima. Lakini kosa hilo hilo likiingia mikononi mwa mtu mwenye bunduki, husitiriwa mara chache. Na hilo ndilo tutakalo kulisema leo.

Ndege tunayemsema aitwa fezanti. Ni jamaa wa kuku, kwale na tausi. Dume lake lapendeza mno: kichwa cha kijani king'aacho, mashavu mekundu, na mara nyingi pete nyeupe shingoni, tena mkia mrefu wenye mistari. Jike ana rangi ya majani makavu. Asili yao ni bara la Asia, toka nchi zilizo karibu na Bahari Nyeusi mpaka China. Na jina lao latokana na mto Phasis, ambao leo huitwa Rioni, katika nchi ya Georgia. Uingereza walipelekwa zamani sana. Marekani walistawi baadaye: katika miaka ya 1881 na 1882 Owen Denny, aliyekuwa balozi mdogo wa Marekani huko Shanghai, alipeleka ndege hao Oregon kwa meli. Wengi wa safari ya kwanza walikufa, lakini wa safari ya pili walizaana.

Siku hizi fezanti wengi wanaowindwa katika nchi hizo hawakuzaliwa porini. Mayai huanguliwa kwa mashine, vifaranga hulelewa kwa joto la taa, na wakipata majuma sita hadi manane hutiwa katika boma la wavu lililojengwa msituni, ili wazoee miti na baridi. Kisha huachiwa. Huko Uingereza hesabu yao hukisiwa kupita milioni 30 kila mwaka, nao huwindwa toka tarehe 1 Oktoba mpaka tarehe 1 Februari. Huko Marekani, majimbo kama Pennsylvania na Massachusetts huwaachia kila mwaka katika mashamba ya umma, ili watu wenye kibali wapate kuwawinda.

Labda msikilizaji mmoja atauliza, "Ndege aliyelelewa kama kuku ana hatari gani? Hana pembe wala meno." Twamjibu kwamba hatari imo katika wepesi wa kumpata. Fezanti wa kuachiwa hajazoea kutoroka mbali. Hujibanza katika nyasi, kisha huondoka ghafula miguuni pa mtu kwa kishindo cha mbawa, na mara nyingi huruka chini chini, kadiri ya kichwa cha mtu, au cha mbwa arukaye kumdaka. Tena, kwa kuwa watu wapajua mahali walipoachiwa, wengi hukusanyika katika konde moja asubuhi ile ile. Ndege mmoja aondoka, na bunduki kumi zamtazama. Hapo moyo hutangulia na akili hubaki nyuma.

Nayo bunduki ya kuwindia ndege haitoi risasi moja. Ganda moja laweza kuwa na punje za marisau zaidi ya 250, nazo hutawanyika kwa kadiri ziendavyo. Nguvu yake ya kumwua ndege kwa hakika ni mpaka mita 35 au 40 hivi. Lakini punje hazikomi hapo. Zaweza kufika mita 200 na zaidi, na hata zikiwa zimechoka, moja tu yatosha kupofusha jicho.

Kwa sababu hiyo wawindaji wa nchi hizo wamejiwekea taratibu. Tuanze na Waingereza. Uwindaji wao mkubwa ni wa msako. Wapigaji, ambao kwa kawaida ni wanane au tisa, husimama katika safu, kila mtu penye kigingi chake chenye nambari. Wasakaji hutoka upande wa pili wa msitu na fimbo na mbwa, wakigonga miti na kuwaondoa ndege, ili waruke juu kupita safu. Asubuhi wapigaji hupiga kura za vigingi, na baada ya kila msako hubadilishana mahali kwa hesabu, ili mahali pazuri pasiwe pa tajiri peke yake. Pembe au filimbi huanzisha msako, na pembe huumaliza. Mara nyingi pia hupigwa pembe wasakaji wanapokaribia. Tangu hapo ni marufuku kupiga upande wa mbele.

Katika safu hiyo kuna sheria ambazo mtoto wa mwindaji hufundishwa kabla hajapewa bunduki. Ya kwanza, usimpige ndege mpaka uione mbingu nyuma yake. Ukiona miti, ua, au kilima nyuma yake, mwache apite, kwa maana wasakaji wamo mitini usikowaona. Ya pili, usimfuate ndege kwa mtutu wa bunduki ukivuka safu ya wenzio. Akipita juu yako, inua mtutu kuelekea mbinguni, geuka, ndipo uushushe upande wa nyuma, ikiwa huko nako ni salama. Ya tatu, usiondoke penye kigingi chako kabla ya pembe ya mwisho, kwa sababu jirani yako amekwisha kujua mahali ulipo, na usalama wako umo katika kujua kwake. Ya nne, msako ukiisha, toa risasi zote, uikunje bunduki, na kila mtu aone mwanga katika mtutu wake. Hivyo hakuna haja ya mtu kumwuliza mwenziwe, wala mwenziwe kuapa. Ya tano, ukitaka kuvuka ua au mtaro, toa risasi kwanza, hata kama ulizitoa hapo nyuma na moyo wakuambia hazimo.

Huko Marekani wengi huwinda kwa kutembea, watu wachache pamoja na mbwa wao. Hapa hakuna vigingi, kwa hiyo kila mtu huwa kigingi chake mwenyewe. Wawindaji huenda sambamba, mmoja asimtangulie mwingine wala asichelewe nyuma. Kabla ya kuanza hugawana mbingu: wa kushoto apige ndege wa kushoto, wa kulia apige wa kulia, na wa katikati wa mbele yake. Huvaa kofia na fulana za rangi ya chungwa iwakayo, ambayo haifanani na jani wala ua la porini. Katika Pennsylvania sheria huagiza inchi za mraba 250 za rangi hiyo juu ya kichwa, kifua na mgongo, ili mtu aonekane kutoka pande zote. Na ndege arukaye chini akifuatwa na mbwa hapigwi kamwe. Watu wengi wamerudi nyumbani na fezanti mmoja na kilio cha mbwa aliyewatumikia miaka mingi.

Na sasa tuwape habari moja ya kweli, ili msidhani ya kwamba makosa haya ni ya wajinga tu. Tarehe 11 Februari 2006, katika jimbo la Texas, Dick Cheney, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Marekani, alikuwa akiwinda pamoja na rafiki zake. Ndege wa siku ile hawakuwa fezanti. Walikuwa kwale, lakini uwindaji ni ule ule wa kutembea na mbwa. Mmoja wa wawindaji, wakili Harry Whittington, mwenye umri wa miaka 78, alikuwa amebaki nyuma kumtafuta ndege aliyempiga. Kisha akarudi kuwafuata wenziwe. Jua lilikuwa limekwisha kushuka. Ndege akaondoka, Cheney akageuka akimfuata kwa mtutu, akafyatua. Na mbele ya mtutu alikuwapo rafiki yake. Marisau yalimwingia usoni, shingoni na kifuani. Punje moja ilikaa karibu na moyo, na siku ya tatu moyo ukashtuka. Mzee yule alipona kwa rehema. Cheney alisema mbele ya watu wote kwamba yeye ndiye aliyefyatua, wala lawama si ya mwingine.

Tuitazame habari hiyo kama wanafunzi watazamavyo hesabu ubaoni. Nguo za rangi ya chungwa zilikuwapo. Bunduki ilikuwa nzuri. Wawindaji walikuwa watu wazima, wenye mazoea ya miaka mingi. Ni nini basi kilichopungua? Aliyebaki nyuma hakujulikana mahali alipo, na mwenye bunduki alimgeukia ndege kabla ya kujua nani yuko upande ule. Mambo mawili madogo, yaliyokutana katika nukta moja. Kama aliyechelewa angaliita kwa sauti, na kama aliyegeuka angalimwacha ndege yule aende zake, jioni ile ingalikwisha kwa chakula na mazungumzo. Wazee wetu wamesema, majuto ni mjukuu, huja kinyume. Na bunduki huzaa mjukuu huyo upesi kuliko kitu chochote.

Lakini adabu ya uwindaji haiishi katika kujilinda na damu. Kuna heshima kwa mwenzio, kwa mwenye shamba, na kwa ndege mwenyewe. Ndege aliye juu ya jirani yako ni wa jirani yako. Ukimpiga umemnyang'anya, hata kama asipolalamika. Mbwa wa mtu akisimama kuonyesha mahali ndege alipojificha, ndege huyo ni wa mwenye mbwa. Ukiwakuta wengine wamekwisha kuingia kondeni, tafuta konde jingine, wala usilifuate gari linaloleta ndege kama kunguru afuatavyo jembe. Funga mlango wa ua ulioukuta umefungwa, okota maganda ya risasi zako, mshukuru mwenye shamba kabla ya kuondoka.

Na ndege je? Huyu alilelewa kwa mkono wa mtu. Yule aliyemlisha akiwa kifaranga ndiye aliyemfungulia boma. Kwa hiyo haifai kumpiga akiwa ardhini atembeapo kama kuku wa uani, wala kumpiga kwa mbali sana, ambapo atajeruhiwa tu na kwenda kufa polepole kichakani. Ukimpiga, tazama mahali alipoanguka, mtafute kwa bidii kabla ya kumfikiria wa pili, na ukimkuta hai, mwondolee maumivu upesi. Kisha na aliwe. Anayeua asicholiwa amegeuza uhai wa kiumbe kuwa mchezo wa masikio, apate kusikia mlio tu.

Wasikilizaji wetu, mwaweza kusema fezanti hayuko kwetu. Ni kweli, lakini kanga na kwale wako, na jirani aliye nyuma ya kichaka yuko kila mahali. Kijana anayevuta manati nyuma ya nyumba, na mtu mwenye kibali cha kuwinda anayebeba bunduki, na mtoto wa chini ya mwembe, wote ni wanafunzi wa somo moja: kila kirushwacho huendelea na safari yake baada ya kukosa.

Twapenda kuwaachia wazazi neno moja. Mtoto akirudi kutoka porini, tumezoea kumwuliza, "Umepata wangapi?" Naye hujifunza kwamba heshima yake ni hesabu ya waliokufa. Jioni moja mwulizeni, "Umewaacha wangapi, na kwa nini?" Akijibu, "Nilimwacha mmoja, kwa kuwa sikuona vema nyuma yake," basi mpeni sehemu nzuri ya kitoweo, ingawa hakuleta kitu. Mtoto huyo amekwisha kuwa mwindaji, na watu waweza kutembea karibu naye bila hofu.

Ndege aliyeachwa leo ataonekana kesho, au mtoto wake ataonekana. Lakini punje iliyokwisha kutoka katika mtutu hairudi kwa kuitwa, wala kwa machozi, wala kwa fidia. Basi tuangalie nyuma ya ndege kabla ya kumwangalia ndege.

Kwa herini, wasikilizaji wetu. Mlale salama.