Ngoma Hazikuja na Mizigo: Maisha Yetu ya Wapiga Ngoma Mjini Kigali

(Maneno yaliyosomwa na kundi la wapiga ngoma wa Kirundi wakaao Kigali, mbele ya wakazi wa kambi ya Mahama, katika kuadhimisha miaka 10 ya kambi. Kamati inayachapisha kama yalivyosomwa.)



Tunaishukuru Kamati kwa kutukumbuka sisi tunaokaa mjini, kwani wapo wanaodhani kwamba mkimbizi akishapanda basi la Kigali amekwisha kuwa tajiri, wala hana haja tena ya kuitwa nyumbani kwa ndugu zake.

Barua ya mwaliko ilitutaka tueleze maisha ya msanii akiwa ugenini. Tuliposoma neno "msanii" tulitazamana tukacheka. Siku ile mmoja wetu alikuwa anabeba zege kwenye jengo la ghorofa, mwingine alikuwa anakanda unga wa chapati Biryogo, na wa tatu alikuwa anatafuta kazi mwezi wa pili. Basi tukakubaliana kwamba tutaeleza hayo hayo, bila kuyapaka rangi.

Sisi tulitoka Burundi mwaka 2015, kama wengi wenu. Baadhi yetu tulipita hapa Mahama siku zile za kwanza kambi ilipofunguliwa mwezi wa Aprili, mahema yakiwa bado meupe na vumbi halijayabadilisha. Wengine walikwenda moja kwa moja Kigali kwa jamaa. Tulivuka na nguo, sufuria na watoto. Ngoma hazikuja. Ngoma ya Kirundi hubebwa kichwani juu ya ingata, tena hubebwa huku inapigwa, lakini mtu anayekimbia usiku hawezi kubeba gogo zima la mti kichwani.

Kwa hiyo ngoma zetu za kwanza ugenini zilikuwa madumu ya maji. Tulikuwa tunayageuza chini juu, tunapiga kwa vijiti vya kuni. Watoto walifurahi sana. Sisi wakubwa hatukuweza kutazamana usoni, maana kila mmoja alikuwa anasikia ndani ya kichwa chake sauti nyingine kabisa.

Mti wa kuchongea ngoma tunauita umuvugangoma, yaani mti unaoifanya ngoma iseme. Watanzania wanauita mringaringa. Tulishukuru Mungu kuona kwamba Rwanda pia upo, na hata jina lake ni lile lile. Tulichanga fedha kutoka katika vibarua, tukanunua gogo, tukanunua ngozi ya ng'ombe machinjioni. Tulikuwa na haraka. Hatukungoja gogo likauke vizuri, na ngoma yetu ya kwanza ilipasuka kabla haijatimiza miezi mitatu. Yule aliyeichonga yumo humu ndani leo, nasi tulikwisha kumsamehe, ingawa mkewe bado anamkumbusha.

Mnatuuliza siku yetu inakwendaje. Inaanza kama ya mtu mwingine yeyote wa Kigali, saa kumi na moja alfajiri, kupanda mlima au kushuka mlima, kwani katika mji ule hakuna njia iliyo tambarare. Kutwa nzima mtu ni fundi, ni dereva wa pikipiki, ni mlinzi, ni mama wa nyumbani. Muziki unangoja Jumamosi alasiri. Na Jumamosi ya mwisho wa mwezi asubuhi ni umuganda, kazi ya pamoja ya kusafisha na kujenga, ambayo na sisi tunatoka na majembe pamoja na majirani. Tunawaambia ukweli kwamba umuganda umetusaidia kuliko barua nyingi tulizoandika. Jirani aliyechimba mfereji pamoja nawe asubuhi huvumilia kidogo ngoma zako jioni.

Kidogo tu, lakini. Kigali ni mji usiopenda makelele. Ua wa kwanza tuliokodi tulifukuzwa baada ya wiki mbili, na haki ilikuwa ya majirani, kwani ngoma kumi na moja ndani ya ua mdogo ni kama mvua ya mawe juu ya mabati. Tulijaribu kuzifunika kwa mablanketi. Zikatoa sauti ya mtu anayekohoa ndani ya gunia. Mwishowe mkuu wa umudugudu mmoja alituonyesha kiwanja kilichoko bondeni, mbali na nyumba, akatupa ruhusa mpaka saa kumi na mbili jioni. Hapo ndipo tulipo mpaka sasa.

Kazi za ngoma tunazipata kwenye arusi, na mara nyingine hotelini kunapokuwa na mikutano. Mwenye arusi analipa vizuri, tena anatupa chakula. Mwenye ukumbi mmoja, ambaye hatumtaji, alitukodi mara mbili, akatupa ahadi mara mbili, na mara ya tatu akatuambia kwamba wakimbizi tayari wanalipwa na HCR. Tulirudi kwa miguu usiku ule, tukizisukuma ngoma kwenye mkokoteni tangu mjini mpaka Nyamirambo. Tunalisema hili ili vijana wenu wanaotamani kuja mjini wajue: mkataba uandikwe, na nusu ya fedha ipokelewe kabla ngoma haijashuka kwenye gari.

Kuna mwezi ambao hatupigi. Wiki ya kuanzia tarehe 7 Aprili nchi nzima ya Rwanda huomboleza wahanga wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Hakuna arusi, hakuna muziki wa starehe. Mwaka wa kwanza hatukuelewa vizuri. Mmoja wa vijana wetu aligonga dumu uani bila kufikiri, na mama mwenye nyumba akatoka, hakusema neno, akasimama tu mlangoni. Kijana yule alikwenda kumwomba radhi, naye akamkaribisha ndani akamwonyesha picha zilizo ukutani. Tangu hapo, Aprili ikifika, sisi wenyewe tunakusanya imirisho, zile fimbo za kupigia, tunazifunga pamoja kwa kamba na kuziweka juu ya kabati. Mtu akikaa katika nchi ya watu lazima ajifunze pia ukimya wao.

Hali kadhalika tulijifunza muziki wao. Tulidhani tutakuwa walimu, kwani ngoma ya Burundi ina sifa duniani. Wapiga ngoma wetu walikuwa Uingereza kwenye tamasha la kwanza la WOMAD mwaka 1982, na mwezi wa Novemba 2014, miezi michache tu kabla hatujakimbia, UNESCO iliandika ngoma yetu katika orodha ya urithi wa wanadamu wote. Basi tulikwenda kifua mbele kufanya mazoezi na kundi la Kinyarwanda. Mkubwa wao akasema, "Ishakwe ianze." Mtu wetu wa amashakwe akaanza na ngoma nene kama mtungi. Wote wakasimama. Kumbe kwao ishakwe ni ngoma ndogo kuliko zote, yenye sauti nyembamba, nayo ndiyo inayoongoza. Kwetu amashakwe ndiyo yanayoshikilia mdundo bila kukatika, na anayeongoza ni inkiranya, ile ngoma ya katikati, nayo ibishikizo vinaifuata. Neno ni moja, jamaa ni wamoja, na bado tulipotezana. Tulicheka mpaka machozi, kisha tukakaa chini kufundishana, na ilichukua jioni nyingi.

Baadhi yetu sasa wanapenda inanga kuliko walivyokuwa wakiipenda nyumbani. Wengine, jioni wakitoka kazini, wanakwenda Biryogo kunywa chai ya maziwa na kusikiliza Kiswahili, kwani mtu aliyezaliwa Buyenzi akisikia Kiswahili cha Biryogo anasahau kwa nusu saa kwamba yuko Kigali. Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni mojawapo ya lugha rasmi za Rwanda, jambo lililotufanya sisi watu wa Buyenzi tujione wasomi.

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo Kamati haikutuuliza, lakini hatuwezi kuondoka hapa bila kulisema.

Huko kusini, Huye, kuna kundi la wanawake wapiga ngoma linaloitwa Ingoma Nshya. Lilianzishwa mwaka 2004 na Odile Gakire Katese. Rwanda pia, kama kwetu, mwanamke alikuwa haruhusiwi kupiga ngoma. Katese aliwakusanya wajane, mayatima, wake wa wafungwa, wakapiga pamoja. Jina lao lina maana mbili, kwani ingoma ni ngoma na ingoma ni utawala. Mabinti zetu waliwaona. Hatukuwafundisha sisi, tunaapa. Walirudi nyumbani, wakageuza yale madumu ya zamani, wakaanza.

Mwaka ule ule wa 2017, mwezi wa Oktoba, ilitolewa amri ya rais nchini Burundi kwamba mwanamke haruhusiwi kupiga ngoma, yeye acheze ngoma za asili za wanawake tu. Tena vikundi viandikishwe wizarani, na maonyesho yasiyo ya sherehe za serikali yaombewe kibali na kulipiwa faranga za Burundi 500,000. Habari ile ilitukuta kiwanjani. Ndani ya kundi letu ikawaka moto.

Mzee wetu, ambaye ndiye aliyetufundisha sote, alisema amri au si amri, ndivyo alivyorithi kwa babu yake. Tunaomba vijana wasimcheke. Alieleza kwamba ngoma ni mwili wa mama. Ngozi yake inaitwa icahi, kama ile ngozi ya kumbebea mtoto mgongoni. Ina urugori, taji la mzazi. Ina amabere, maziwa. Ina inda, tumbo, na chini ina umukondo, kitovu. Mwanamke, alisema, hawezi kumpiga mwanamke mwenziwe, yeye mwenyewe ndiye ngoma.

Mama mmoja aliyekuwa amekuja kumchukua bintiye akajibu palepale, "Mzee, nakuheshimu. Lakini kama hilo tumbo ni langu, mbona ninyi wanaume ndio mnaolipiga?"

Hakuna aliyejibu. Wanaume wawili walichukua mirisho yao wakaondoka, nasi tukakaa miezi minne bila wao. Arusi mbili tulizikataa kwa sababu ya upungufu. Mzee hakuondoka, lakini alikuwa anakuja, anakaa juu ya jiwe, anageuza uso wasichana wakiwa wanafanya mazoezi. Hatukumlazimisha. Wala hatukuwafukuza wasichana.

Mnajua kwamba tangu Agosti 2020 misafara ya kurudi Burundi kwa hiari iliondoka hapa Mahama, na ndugu zetu wengi wamekwenda. Katika kundi letu pia wapo waliorudi. Wavulana waliingia katika vikundi vya huko. Msichana mmoja aliyekuwa na mkono mwepesi kuliko kaka zake alirudi na wazazi wake, naye aliacha imirisho yake kwetu. Mama yake alisema mizigo ilikuwa mingi. Fimbo mbili tu, ndugu zangu. Bado tunazo. Tulikuwa na nia ya kumpelekea, lakini Januari 2024 Burundi ilifunga tena mpaka wake na Rwanda, na hata mpaka ungekuwa wazi, hatujui tungemwambia azifanyie nini.

Ndiyo maana tunashindwa kuwajibu watu wanaotuambia, "Mkirudi mtarudi na utamaduni wenu kama mlivyokwenda nao." Tulikwenda na utamaduni wa wanaume tu. Tunao sasa mabinti wanne, mmoja wao alizaliwa katika kambi hii mwaka 2015, ana miaka kumi sawa na kambi, Burundi hajaiona hata siku moja. Anaimba Kirundi, anatukana kwa Kinyarwanda, anauza chapati za mama yake kwa Kiswahili. Alituuliza kama akienda nyumbani atapiga. Wakubwa wote tukaangalia viatu vyetu.

Tunaiomba Kamati jambo moja. Hapa kambini mna ngoma, na mna vijana wanaojifunza kila juma. Tumeambiwa kwamba wasichana wanakaa pembeni kupiga makofi. Hatukuja kuwaamulia. Tunaomba mkae na wazee, mkae na akina mama, mlizungumze wazi kama sisi tulivyolizungumza, hata kama wawili watachukua mirisho yao na kuondoka. Wale wetu wawili walirudi. Hawakueleza sababu, na hatukuwauliza.

Ndugu Mwenyekiti, tumeona vijana wanaanza kuangalia gari, basi hatutawachelewesha. Leo tumekuja na ngoma kumi na moja, kwani ngoma zetu hupangwa kwa hesabu ya witiri. Kumi zitapigwa na wale mnaowafahamu. Ya kumi na moja, ya mwisho upande wa kushoto, itapigwa na mtoto wenu aliyezaliwa hapa, kijiji kile cha chini karibu na bomba la maji. Mzee wetu yuko nasi, ameketi pale mbele. Jana usiku ndiye aliyeikaza ngozi ya ngoma ile, na alipomaliza alisema tu kwamba wa kushoto asiharakishe.

Tunaomba mtupishe nafasi katikati.