INJINI KUBWA, GIABOKSI NYEPESI: NANI ALIPE IKIUNGUA?

(Maneno yaliyosemwa na mafundi wa karakana mbele ya wanachama wa tawi)



Tumesimama hapa kwa niaba ya mafundi wa karakana. Katika mkutano uliopita ilisomwa barua ya mwenzetu ambaye zamani tulikuwa naye kazini katika reli, na sasa yuko katika gereji moja ya motokaa huko Ghuba ya Uarabuni. Mwenyekiti alituagiza tuichunguze habari yake, kisha tuieleze kwa maneno ambayo hata mtu asiyeshika spana atayafahamu. Kazi hiyo tumeifanya.

Habari yenyewe ni hii. Mtu mmoja alileta gereji gari la Kimarekani, Chevrolet Chevelle ya mwaka 1970, yenye injini ya inchi 454 za ujazo. Hayo ni yale magari yanayoitwa magari ya misuli, yaani gari la umbo la kawaida lililotiwa injini yenye nguvu nyingi kupita kiasi. Huko Ghuba yanapendwa sana. Giaboksi ya zamani ilikuwa imechoka. Mwenye gari akataka nyingine ya otomatiki, yenye gia nne, ili injini isipige kelele katika barabara ndefu za jangwani. Akanunua iliyotolewa katika gari kuukuu, ya aina ya 700R4. Mwenzetu alimwambia tajiri wake kwa mdomo kwamba giaboksi ile ni nyepesi kwa injini ile. Tajiri akajibu, "Wewe funga tu." Akaifunga. Baada ya majuma sita ikaungua. Tangu siku hiyo mwenzetu anakatwa mshahara kila mwezi, naye anauliza: Je, kosa ni langu?

Ndugu zetu, swali hili halijibiwi kwa hasira. Lajibiwa kwa hesabu.

Kwanza tujue giaboksi ya otomatiki hufanya nini. Gari la namna hiyo halina klachi ya mguu. Mahali pake pana chombo cha mviringo kilichojaa mafuta, kiitwacho konveta. Ndani yake mna feni mbili zinazotazamana. Ya kwanza huzungushwa na injini na kurusha mafuta. Mafuta huipiga ya pili, nayo huizungusha giaboksi. Katikati yao kuna gurudumu dogo ambalo huyageuza mafuta yanaporudi, na kwa sababu hiyo gari linapoanza kuondoka nguvu ya kuzungusha huongezeka, hata kufika karibu mara mbili. Jambo hili si geni. Mjerumani Hermann Föttinger aliliandikisha mwaka 1905 kwa ajili ya meli. Sisi wa reli tunalijua pia, kwa kuwa ziko mashine za dizeli za kupangia mabehewa zinazoendeshwa kwa mafuta namna hiyo hiyo.

Nyuma ya konveta kuna magurudumu ya meno, na sahani nyembamba zilizopangwa moja juu ya nyingine. Mafuta yenye msukumo huzibana sahani hizo, nazo zikibanwa ndipo gia hushika. Msukumo ukipungua, au mzigo ukizidi, sahani huteleza. Kuteleza huzaa joto, na joto huunguza sahani. Kwa hiyo giaboksi ya otomatiki si lazima ivunjike meno ndipo ife. Mara nyingi hufa kwa kuungua.

Jambo la pili ni mzigo. Watu hupenda kutaja nguvu za farasi. Injini ya 454 iliyokuwa kali kuliko zote katika Chevelle ya 1970 ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 450. Tusisahau kwamba miaka ile makampuni ya Marekani yaliipima injini ikiwa peke yake, bila vitu vingi inavyovivuta ikiwa garini. Lakini hata hivyo si farasi wanaoivunja giaboksi. Kinachoivunja ni nguvu ya kuzungusha, na kwa injini hiyo ilitangazwa futi-pauni 500. Gari lenyewe lina uzito wa karibu kilo 1,800. Tena mwenzetu aandika kwamba mwenye gari alitia matairi mapana mapya. Tairi jembamba huteleza barabarani, na kule kuteleza huiokoa giaboksi. Tairi pana hushika lami, na mzigo wote hurudi ndani.

Ndugu wa reli, hili twalijua wenyewe. Treni ikivutwa kwa nguvu kupita kiasi haikatiki penye injini. Hukatika penye kiungo kilicho dhaifu kati ya behewa na behewa. Injini husifiwa na watu wote, lakini kiungo ndicho kibebacho.

Sasa tuziangalie giaboksi ambazo fundi angeweza kuchagua kwa gari lile.

Iko Powerglide ya Chevrolet, iliyoanza mwaka 1950. Ina gia mbili tu. Wapiga mbio za mstari mfupi waipenda kwa kuwa ni nyepesi na haina mambo mengi. Lakini kwa mtu wa kwenda kazini na safari, gia mbili hazitoshi. Gari la Pontiac GTO lilipotoka mwaka 1964 lilipewa otomatiki ya gia mbili, na mwaka 1967 kampuni ikaibadili kwa ya gia tatu. Wenye kiwanda waliona wenyewe kwamba injini yenye nguvu yataka kifaa kinachoiweza.

Hiyo ya gia tatu ndiyo Turbo-Hydramatic 400, iliyoanza mwaka 1964. Gia yake ya kwanza huzidisha nguvu mara 2.48, ya pili mara 1.48, na ya tatu ni moja kwa moja. Ni nzito, nayo hula nguvu kidogo ya injini, lakini ni imara sana. Rolls-Royce waliitia katika magari yao, na Jaguar pia kwa injini zao za silinda 12. Chevelle yenye injini kali ya 454, ikitoka kiwandani na otomatiki, ilitoka na hii. Magari ya Chrysler yana ndugu yake, TorqueFlite 727 ya mwaka 1962, na ya Ford yana C6 ya mwaka 1966. 

Halafu iko 700R4, iliyotokea katika magari ya mwaka 1982. Ilitengenezwa wakati ambapo Marekani ilitaka kupunguza petroli, kwa injini za kadiri. Gia ya kwanza ni mara 3.06, ya nne ni 0.70, ndiyo maana injini hutulia barabarani. Si mtambo mbaya. Wako mafundi wanaoifungua yote, wakatia sahani na vyuma vyenye nguvu zaidi, ikahimili injini kubwa. Lakini ile ya mwenzetu ilitoka gari kuukuu ikafungwa vile vile ilivyo.

Ya mwisho ni 4L80-E, iliyokuja mwaka 1991 kwa malori na magari ya kazi nzito. Gia zake tatu za kwanza ni sawasawa na za 400, na ya nne ni 0.75. Huyu ndiye mtoto wa yule mzee mwenye nguvu. Shida zake ni mbili. Yatawaliwa kwa umeme, kwa hiyo yataka kompyuta yake. Tena ni kubwa, na huenda sakafu ya gari la zamani ikalazimika kupanuliwa.

Mwenye gari alitaka utulivu barabarani. Basi tulipiga hesabu. Gari lenye ekseli ya nyuma ya 4.10 na matairi ya inchi 26, likienda maili 70 kwa saa katika gia ya moja kwa moja, injini huzunguka kama mara 3,700 kwa dakika. Likitiwa 4L80-E, hushuka kama 2,780. Lakini mtu akibaki na ile 400 imara, akabadili meno ya ekseli tu kuwa 3.31, injini huzunguka kama mara 3,000. Gari litaondoka kwa upole kidogo, lakini injini ya 454 haina upungufu wa nguvu za kuondokea. Kwa hiyo njia za kupata utulivu zilikuwapo, wala haikulazimu kufunga kitu chepesi.

Sasa joto. Huko Ghuba kiangazi hewa yenyewe hupita digrii 45. Mafuta ya otomatiki hupenda kuwa karibu na digrii 80. Mafundi wengi hushika kanuni hii: juu ya hapo, kila digrii kama 11 zikizidi, maisha ya mafuta hupungua kwa nusu. Kwa hiyo gari la namna hii lapasa kuwekewa kipozea mafuta cha peke yake, tena kikubwa, mbele ya rejeta. Mwenzetu alikiomba akaambiwa ni gharama. Alipofungua giaboksi aliyakuta mafuta yamekuwa ya kahawia na yananuka moto.

Ndugu Mwenyekiti, hatukuja hapa kumtetea mtu kwa sababu ni wetu tu. Liko jambo moja ambalo fundi aweza kulaumiwa kwa haki. Giaboksi ya 700R4 ina waya unaotoka kwenye kabureta, nao huiambia ni msukumo gani wa mafuta unaotakiwa. Waya ukilegea, msukumo hushuka, na sahani huweza kuungua kwa siku chache, hata kwa injini ndogo. Tulimwandikia kumwuliza. Akajibu kwamba aliupima msukumo kwa geji kabla ya gari kutoka, nao ulikuwa sawa. Tumemwamini. Lakini tulipomwuliza aliandika wapi kipimo hicho, alisema hakuandika popote.

Basi majibu yetu ni haya. Kosa la kuchagua si lake. Alichagua mwenye gari, akakubali tajiri, na fundi alionya. Kosa la kukosa kipozea si lake pia. Lakini onyo lake lilikuwa la mdomo, na kipimo chake kilikuwa kichwani mwake. Neno la mdomo hupeperuka, na mbele ya tajiri fundi asiye na karatasi ni kama hakusema kitu. Sisi katika karakana ya reli hatutoi mashine bila karatasi yake, wala hatukuanza desturi hiyo kwa kupenda kuandika. Tuliianza kwa kuwa lawama hushuka mpaka imkute yule mwenye mikono michafu.

Kwa hiyo twawaomba ndugu wote wanaofanya kazi ya motokaa, hapa kwetu au ng'ambo, washike haya. Kabla ya kufunga, uliza nguvu ya injini, uzito wa gari, matairi na ekseli. Ukiona kifaa hakitoshi, andika katika kadi ya kazi, na mwenye gari atie sahihi. Ukipima msukumo au joto, andika tarakimu na tarehe. Nakala moja ibaki mfukoni mwako.

Twaomba pia mkutano huu ukubali hesabu zetu zipigwe chapa, zitiwe muhuri wa tawi, zitumwe kwa mwenzetu, naye azipeleke ofisi ya kazi ya nchi ile. Hatuwezi kumwahidi kwamba mshahara wake utarudi. Chama chetu hakina mkono mrefu wa kufika kule. Lakini akisimama mbele ya hao mabwana asisimame mikono mitupu.

Ndugu Mwenyekiti, tumemaliza. Mwenye swali aulize, na anayeona hesabu yetu ina kosa aje ubaoni atuonyeshe.

Umoja ni nguvu.