Sadio Mané Akishavua Njumu

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya vijana na wazazi kabla ya futari)



Ndugu zangu, kina dada, na wazee wetu mlioketi huko nyuma. Vijana wameniomba nizungumze juu ya mpira. Na kabla sijasimama hapa, mama mmoja amenivuta kando akaniomba niwaambie vijana hao hao waache mpira. Nitajaribu yote mawili, na huenda nisimridhishe yeyote.

Hebu tuanze na usiku wa tarehe 1 Julai 2019. Mnaukumbuka? Kenya na Senegal, Cairo, Kombe la Mataifa ya Afrika. Patrick Matasi akaipangua penalti ya Sadio Mané, na mtaa mzima ukapiga kelele. Kipindi cha pili tukafungwa matatu bila jawabu. Mawili yalikuwa yake Mané, na moja kati ya hayo lilikuwa penalti tena! Mimi nililala nimemkasirikia. Kwa hivyo ninayoyasema leo si maneno ya mtu aliyebandika picha yake ukutani.

Anachofanya uwanjani mnakijua kuliko mimi. Nataka tumfuate akishavua njumu.

Bambali ni kijiji cha kusini mwa Senegal, eneo la Sédhiou, upande wa mto Casamance. Mané alizaliwa huko tarehe 10 Aprili 1992. Babake alikuwa imamu wa kijiji. Nyumba ilikuwa ya dini na ya shida, kama nyumba nyingi unazozijua wewe. Sasa sikiliza kisa cha huyo mzee, maana ukikikosa hiki hutaelewa chochote alichofanya mwanawe baadaye.

Mané mwenyewe amekisimulia. Babake alishikwa na maradhi ya tumbo. Bambali hakukuwa na hospitali. Wakamtibu kwa dawa za kienyeji, ugonjwa ukatulia miezi mitatu minne, halafu ukarudi. Safari hii dawa hazikufua dafu. Ikabidi abebwe kupelekwa kijiji kingine, labda huko ataokoka. Hakuokoka. Sadio alikuwa na miaka saba. Alikuwa uwanjani, anajitayarisha kucheza, binamu yake akamjia: Sadio, babako amefariki. Mtoto hakuelewa. Alidhani ni mzaha.

Wewe msomaji uliyetoka kisiwa kimoja kule Lamu, au Tana Delta, au ndani ndani ya Wajir, kisa hiki huhitaji kuelezwa. Unamjua mtu wenu aliyebebwa kwa mashua au kwa mkokoteni, na unajua alifia wapi. Tofauti ni kwamba sisi tukishazika tunasema ni kadari, tunanyamaza. Na kadari ni kweli, hakuna anayeibisha. Lakini huyu mtoto aliiamini kadari na bado akaihesabu ile hospitali isiyokuwepo kama deni.

Nitalirudia hilo. Kwanza lile ambalo kina mama wanalingoja.

Nyumbani hawakutaka mpira. Walitaka asome awe mwalimu, na mpira waliuona ni kupoteza wakati. Alipofika miaka kama kumi na mitano, Sadio alipanga begi lake usiku, akalificha kwenye nyasi ndefu mbele ya nyumba, na alfajiri akaondoka. Hakuaga mtu isipokuwa rafiki yake mmoja. Akaenda Dakar kutafuta timu. Jamaa zake wakamsaka mpaka wakampata, wakamrudisha. Mama, usitabasamu bado! Alirudi, ndiyo, lakini kwa sharti. Alikubali kumaliza mwaka wa shule, na wao wakakubali kwamba akimaliza watamwacha aende. Mwaka ukaisha, ahadi ikatimizwa pande zote mbili, na safari hii jamaa wakachanga kile walicho nacho kumsafirisha.

Mimi hapo simsifu kwa kutoroka. Mtoto anayetoka nyumbani alfajiri bila kuaga anawaua wazazi mara mbili. Ninachokisifu ni yale mazungumzo ya baadaye. Walikaa chini. Kila mmoja alitoa kitu. Ni nyumba ngapi hapa petu ambapo mpira umezungumzwa hivyo? Sisi kwetu ni ama baba amefungia viatu kabatini, ama kijana anarudi saa nne usiku na kudanganya alikuwa kwa rafiki akisoma.

Huko Dakar, kwenye majaribio, mzee mmoja alimtazama njumu zake zilizochanika na kaptura yake, akamuuliza kama kweli amekuja kucheza na vitu hivyo. Akajibu kwamba hivyo ndivyo vizuri kuliko vyote alivyo navyo. Basi. Akaingia uwanjani. Akachukuliwa na chuo cha Génération Foot, na mwaka 2011 akafika Metz, Ufaransa. Akampigia mamake simu: niko Ufaransa. Mama hakuamini, Ufaransa gani? Alikuwa akipiga simu kila siku kuuliza kama ni kweli, mpaka akaambiwa awashe televisheni amwone mwanawe anacheza. Baadaye ikaja Salzburg, Southampton, kisha Liverpool mwaka 2016. Na pesa zikaja, pesa za kumtia mtu wazimu.

Mwaka 2019 shule ya sekondari ikasimama Bambali, kwa pauni 250,000 za mfuko wake. Mwaka 2021 ikafuata hospitali. Yuro 530,000. Ina sehemu ya kina mama kujifungulia, na inahudumia vijiji 34. Amewahi kueleza kwamba hata dadake alizaliwa nyumbani, kwa sababu hakukuwa na pa kwenda.

Sasa angalia jambo dogo ambalo magazeti yalilipita haraka. Kabla ya kuifungua, mwezi Juni 2021, Mané alikwenda kumwona Rais Macky Sall, akaomba serikali isaidie kwa wahudumu wa afya. Kwa nini? Kwa sababu jengo bila daktari ni ghala. Sisi tunayajua maghala hayo. Zahanati imezinduliwa kwa ngoma na utepe, picha zimepigwa, na mwaka wa pili mbuzi ndio wanaolala ndani. Mtu anayetafuta sifa humaliza kazi siku ya utepe. Huyu alikwenda kupiga hodi kwa wakubwa juu ya wahudumu wa afya, jambo ambalo halina picha nzuri.

Oktoba 2022, Paris, kwenye sherehe za Ballon d'Or, alipewa tuzo ya Socrates, yeye wa kwanza kuipata, kwa kazi hizo za nyumbani kwao. Sócrates huyo alikuwa mchezaji wa Brazil, na alikuwa daktari wa kusomea. Nilipenda hilo.

Ile video ya vyoo mmeiona nyote. Septemba 2018, Liverpool imetoka kuishinda Leicester tarehe mosi, naye saa chache baadaye yuko msikiti wa Al-Rahma, mtaa wa Toxteth, anajaza ndoo maji na kusaidia kusafisha vyoo. Hakuita waandishi, mtu tu alikuwa na simu. Sitaikuza zaidi. Ila kijana aliyenitumia video hiyo mara tatu, nami namwona hapa leo, bado namngoja Jumamosi tunapoosha birika letu.

Na kufunga je? Wachezaji wengi wanaulizwa, wengi wanakwepa. Mwaka 2022 alieleza kwamba kufunga huku unafanya mazoezi na kucheza si rahisi. Kabla ya Ramadhani walizungumza na nahodha wa timu, amwombe kocha Jürgen Klopp abadilishe ratiba, mazoezi yawe asubuhi, ili wapate muda wa kurudi nyumbani kupumzika. Kocha akakubali. Kumbe ni kuomba tu! Wewe unayefanya kazi ya zamu, au mwanafunzi uliye bweni, umewahi kuomba kwa adabu, kabla mwezi haujaingia? Au unangoja siku ya tatu uanze kulalamika kwamba hawatujali? Mwaka huo huo alihamia Bayern Munich, na kwenye ile picha ya timu ambayo kila mchezaji hushika gilasi ya bia, yeye na Noussair Mazraoui walisimama pamoja na wenzao mikono mitupu. Hawakugombana na mtu.

Lakini msidhani nimeleta malaika. Tarehe 11 Aprili 2023 Bayern walifungwa 3-0 na Manchester City. Ilikuwa Ramadhani, kumi la mwisho ndilo linaingia. Katika chumba cha kubadilishia nguo Mané akagombana na mwenzake Leroy Sané, na ikaripotiwa kwamba alimpiga usoni. Klabu ikamtoza faini na kumwacha nje ya mechi iliyofuata, dhidi ya Hoffenheim. Akaomba msamaha.

Nilipoisoma habari ile niliumia, na nilitaka kuiruka leo. Vijana wawili wakaniambia nisiiruke, na wana haki. Mtu aliyejenga hospitali, aliyeosha vyoo vya msikiti, mkono wake ulimtoka ndani ya mwezi huu. Tunajua sote maneno mawili tuliyofundishwa madrasa kuyasema tukichokozwa, kwamba mimi nimefunga. Ni mepesi ukiwa kwenye mkeka. Lakini umepigwa matatu, jasho linakutoka, na mtu anakupandishia sauti? Hata hapa kwetu, ngumi nyingi za mtaani katika Ramadhani hupigwa nusu saa kabla ya magharibi, kwenye foleni ya mahamri na viazi karai. Aliyewahi kusimama foleni hiyo anajua sisemi uongo. Yeye alikosa mbele ya dunia nzima, akaomba msamaha, akatozwa. Sisi tunakosa na kumsingizia njaa.

Mama, sijakusahau. Sitawaambia waache mpira. Wewe nenda kakae naye chini, umuulize anataka nini, naye akuulize unaogopa nini.

Nimalizie na usiku mmoja tu, maana tende naona zimeshapangwa. Tarehe 26 Mei 2018 ilikuwa fainali ya Ulaya, Liverpool na Real Madrid, mjini Kyiv, na ilikuwa Ramadhani. Mané alikuwa amepeleka jezi 300 Bambali, watu wavae wakiangalia. Kwetu mechi ilianza saa tatu na dakika arobaini na tano usiku. Kwao Senegal jua lilikuwa halijatua bado. Yaani kijiji kizima kimekaa na jezi nyekundu, kimefunga, macho kwenye skrini na masikio kwenye adhana. Wakafuturu karibu na mapumziko. Kipindi cha pili Real wakafunga kwanza, na dakika nne baadaye, dakika ya 55, mtoto wa imamu wao akasawazisha. Mwisho Liverpool walishindwa 3-1. Lakini hiyo dakika ya 55, kijijini ambako bado hakukuwa na hospitali, maji ya futari hayajakauka mdomoni, mimi ningependa sana kuwa nimekaa pale kwenye mkeka pamoja nao.