Kikombe nacho chahitaji kungwi

Mazungumzo yangu ya juma hili ni ya jambo ambalo kwetu husemwa kwa kunong'ona: hedhi na gharama yake. Akina baba, msizime redio. Pesa ya pedi hutoka mfuko uleule unaonunua unga.

Mwaka 2018 Serikali ya Tanzania iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike. Wengi tulitazamia bei ishuke. Mwaka 2019 kodi ikarudishwa, na Bunge likaelezwa kwamba nafuu ile haikuwa imemfikia mnunuzi. Funzo nililopata ni hili: anayelazimika kununua kila mwezi yumo mikononi mwa muuzaji. Ndiyo maana nilihamia kwenye kikombe cha hedhi, nacho ndicho ninachotumia.

Kwa wasiokijua, ni kikombe kidogo laini, mfano wa kengele, cha silikoni ya kitabibu. Hukunjwa kikaingizwa ukeni. Humo hujikunjua na kukinga damu. Hutolewa, kikamwagwa, kikaoshwa na kurudishwa, wala kisikae ndani zaidi ya saa 12. Hedhi ikiisha huchemshwa na kuhifadhiwa. Kikitunzwa vema chaweza kudumu hadi miaka 10. Anayemaliza pakiti 2 za pedi kwa mwezi, kwa muda huo angenunua pakiti 240, nazo zote zingeishia jaani au chooni.

Wala si kitu cha jana. Leona Chalmers, mwigizaji wa Marekani, alipata hataza ya kikombe cha namna hii mwaka 1937. Na mwaka 2019 jarida la The Lancet Public Health lilichapisha mapitio ya tafiti 43 zilizohusu wanawake na wasichana wapatao 3,300. Ilionekana kwamba kikombe hakivuji kuliko pedi, na wengi waliokizoea walitaka kuendelea nacho.

Basi neno zito ni hilo: waliokizoea. Mimi nilitulia nacho mwezi wa tatu, na ni mtu mzima. Je, binti wa miaka 14?

Zamani, hapa pwani, mwari hakuachwa peke yake na damu yake ya kwanza. Alikuwa na kungwi, alikuwa na somo. Siku hizi tumewaachia watoto wajisomee maelezo mgongoni mwa pakiti. Pedi yavumilia uvivu wetu huo; kikombe hakivumilii. Binti atauliza: hakitapotelea tumboni? Ajibiwe kwamba hakiwezi, kwa maana juu yake upo mlango wa kizazi. Mama atauliza habari ya ubikira. Aambiwe kweli: utando ule waweza kutanuka au kuchanika, lakini bikira ni yule asiyemjua mwanamume, na kifaa si mwanamume. Asiyetaka asilazimishwe. Mwenye kitanzi cha uzazi amwone muuguzi kwanza. Na kikombe hakiazimwi, hata kwa ndugu wa tumbo moja.

Kwa hiyo nawaomba wanaogawa vikombe mashuleni wasiishie kukabidhi maboksi na kupiga picha. Binti akiingia chooni akakuta hakuna maji, hakuna sabuni, na mlango haufungi, kikombe kile kitalala sandukuni, naye atarudi kwenye kitambaa. Atangulie mwalimu wa kike au muuguzi, na arudi tena mwezi wa pili na wa tatu kuuliza hali.

Na ninyi akina bibi na mashangazi, msidhani kazi yenu imekwisha kwa sababu kifaa ni kigeni. Kifaa kitanunuliwa dukani. Wa kumkalisha mwari na kumfundisha bila kumwonea haya hauzwi popote.

Hadi juma lijalo, kwaherini.