Kicheko cha Pili: Je, Komedi Itakayodumu Inabashirika?



Mwaka 2000 Taasisi ya Filamu ya Marekani, AFI, ilitangaza orodha ya komedi 100 bora za nchi hiyo kwa kura za wadau wa sinema. Ya kwanza ilikuwa Some Like It Hot ya Billy Wilder, iliyotoka mwaka 1959. Ubishi wangu kuhusu orodha hiyo nitauacha, ingawa ninao wa kutosha jioni nzima. Swali langu ni hili: aliyekata tiketi wiki ya kwanza angewezaje kujua kwamba filamu aliyoiona ingependwa na wajukuu wake?

Tazameni namba 18, The General ya Buster Keaton, ya mwaka 1926. Keaton alichukua kichwa cha treni, cha chuma hasa, akakipitisha juu ya daraja linalowaka moto huko Cottage Grove, Oregon. Daraja likakatika, treni ikatumbukia mtoni mbele ya kamera, na mabaki yake yakalala mtoni humo miaka na miaka. Gharama ilikuwa kubwa, wahakiki wakanuna, mauzo yakasuasua. Mwaka 1928 Keaton akajiunga na studio ya MGM, na uhuru wake wa kutengeneza filamu atakavyo ukaishia hapo. Lakini mwaka 1972, yeye akiwa keshafariki, wahakiki waliopigia kura jarida la Sight and Sound la Uingereza waliiweka filamu hiyohiyo katika kumi bora za dunia, za kuchekesha na za kuliza zikiwa pamoja.

Bringing Up Baby ya Howard Hawks, namba 14, iliikatisha tamaa studio yake mwaka 1938, mwaka uleule ambao wenye majumba ya sinema walimtaja hadharani nyota wake, Katharine Hepburn, kuwa sumu ya mapato. Basi tusilitegemee dirisha la tiketi.

Mtasema: tupime kitaalamu. Walishapima. Ndugu wa Marx walitoa Duck Soup mwaka 1933, na mapato yake hayakufikia matarajio ya studio ya Paramount. Wakahamia MGM, na huko mtayarishaji Irving Thalberg akaamua kwamba safari hii hakuna kubahatisha. Vipande vya filamu iliyofuata, A Night at the Opera, vilipelekwa kwanza jukwaani, mji kwa mji, mbele ya watazamaji waliolipa. Waandishi waliangalia utani gani unapokelewa na kicheko kinachukua muda gani, usiochekesha ukatupwa. Filamu ikatoka mwaka 1935 na ikafanya vizuri. Ila kwenye orodha ya AFI, ile iliyopimwa ni ya 12, na Duck Soup, ambayo haikuzungushwa jukwaani namna hiyo, ni ya 5.

Mfano huu naupenda kwa sababu wachekeshaji ni walewale. Upimaji wa Thalberg ulifanya kazi yake barabara, lakini ulipima kicheko cha kwanza, kile kinachotokana na kushtukizwa. Orodha za kudumu huandikwa na watu wanaorudia filamu wakiujua mzaha wote kabla haujafika, na bado mbavu zinawauma. Kicheko hicho cha pili kina chanzo kingine.

Ngoja niwaonyeshe kwa karibu. Katika Some Like It Hot, Jack Lemmon ni mwanamuziki aliyejificha ndani ya nguo za kike, na sasa anamweleza mwenzake, Tony Curtis, kwamba tajiri mmoja mzee amemchumbia naye amekubali. Wilder alimpa Lemmon manyanga mkononi. Kila baada ya jibu anayatikisa na kucheza, kisha ndipo mazungumzo yanaendelea. Sababu ilikuwa ya kiufundi tu: ukumbi upate nafasi ya kucheka bila kulimeza jibu linalofuata. Sasa itazame filamu hiyo peke yako nyumbani, hakuna ukumbi wa kuziba mapengo. Mapengo hayapoi. Yale manyanga yanaonyesha mtu aliyenogewa na uchumba hadi amesahau kwamba yeye ni mwanamume, na hilo linachekesha zaidi kila unapolijua mapema.

Kuna nadharia kwamba utani wa mambo ya msimu hufa na msimu wake. Siiamini sana. Airplane! ya mwaka 1980 iliigiza kwa dhihaka Zero Hour! ya mwaka 1957. Leo wengi hawaijui ya zamani na wanaangua kicheko vilevile.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni upatikanaji. Harold Lloyd, yule anayening'inia kwenye saa ya ghorofani katika Safety Last! ya mwaka 1923, aliwajaza watu sinema sawa na magwiji wenzake wa enzi yake. Alimiliki filamu zake mwenyewe, na televisheni ilipokuja akataka bei kubwa. Kizazi kizima kikakua bila kumwona, huku Chaplin na Keaton wakiendelea kuonyeshwa. The Big Lebowski ya mwaka 1998 ilikuwa na bahati tofauti: majumba ya sinema hayakuipa makuu, kanda na diski zikaiingiza majumbani, na mwaka 2002 mashabiki wakaanza kuifanyia tamasha huko Louisville, Kentucky. Mwaka 2014 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza kwenye rejista ya filamu za kuhifadhiwa.

Hapo ndipo ninapomfikiria marehemu Amri Athumani wa Tanga, King Majuto, aliyetutoka mwaka 2018. Kwa kigezo cha kicheko cha pili amefaulu zamani: vipande vyake bado vinazunguka kwenye simu, na watu wanacheka kabla hajafungua mdomo. Lakini vipande si filamu. Filamu nzima ziliuzwa kwenye diski, diski zinachubuka, na deki za kuzichezea zinatoweka sebuleni. Kwa hiyo naomba maktaba ya chuo hiki inunue deki mbili zingali zikipatikana, izungumze na wenye hakimiliki, na iwaombe wanafunzi wanaokwenda likizo warudi na diski zilizolala kwenye makabati ya wazazi wao.