Si hitilafu ya mitambo

Ndugu msikilizaji, juma lililopita nilipiga hapa dakika mbili za gitaa la Derek Bailey. Kabla hazijaisha, simu ikalia. Mzee mmoja akataka fundi mitambo aambiwe kuwa kuna hitilafu.

Haikuwa hitilafu. Bailey, mzaliwa wa Sheffield, Uingereza, mwaka 1930, alianza kwenye kumbi za dansi na bendi za studio, akipiga chochote alichotakiwa. Mwaka 1963, yeye, Gavin Bryars kwenye besi na Tony Oxley kwenye ngoma waliunda kikundi walichokiita Joseph Holbrooke. Walianza na jazi. Polepole wakaacha mapigo ya kuhesabika, kisha wakauacha hata ufunguo wa muziki.

Mwenye gitaa nyumbani na ajaribu. Piga kamba nene kabisa, ile ya mi, bila kuibana. Papo hapo piga kamba ya nne ukiwa umeibana kwenye kituo cha tatu, upate fa. Sikio linakwaruzwa, sivyo? Sisi tuliolelewa na dansi tunangoja sauti hizo zipatane. Bailey hazipatanishi. Anaruka kwenye sauti nyingine zenye ugomvi uleule, na katikati anaweka mlio wa kengele, ule unaotoka kidole kikigusa kamba bila kuibana. Mapigo nayo: mawili ya haraka, kimya, moja, halafu kimya kirefu. Mguu ulioinuliwa haujui ushuke lini.

Nakiri, santuri yake nzima kwa mkupuo mmoja hunichosha. Lakini anayesema huyo hajui gitaa, na asikie haya. Uzeeni mkono wake wa kulia ulishindwa kushika kile kipande cha plastiki cha kupigia kamba. Akaambiwa ni neva iliyobanwa kwenye kifundo. Hakutaka kupasuliwa. Alijifunza upya kupiga kwa dole gumba, akajirekodi kadiri wiki zilivyopita, na rekodi hizo zikatoka mwaka 2005 kwa jina la Carpal Tunnel. Kumbe ugonjwa ulikuwa mwingine, ule unaoua neva zinazoendesha misuli. Alifariki London, Desemba mwaka huohuo.

Katika rekodi hiyo noti ni chache kuliko zamani, na kimya ni kirefu zaidi. Nitawapigia kipande kimoja sasa. Mzee wangu wa juma lililopita, nakuomba usipige simu kwanza, ngoja kiishe.