Nasaba ya Seli na Nasaba ya Lugha

Istilahi "vinasaba" imejengwa juu ya neno "nasaba". Ni istilahi nzuri, ila isimfanye mwanaisimu adhani kuwa ukoo wa mwili ndio ukoo wa lugha. Wahadzabe wa Yaeda Chini, wilayani Mbulu, ni mfano wa wazi.

Seli ya binadamu ina kiini kilichozungukwa na utando, na ndani yake zimo kromosomu. Nje ya kiini, katika saitoplazimu, zimo mitokondria zinazoipatia seli nishati. Hizi zina vinasaba vyake, ambavyo mtoto huvirithi kwa mama.

Mwaka 1963 Joseph Greenberg alikiweka Kihadza katika kundi la Khoisan, pamoja na lugha nyingine zenye vidoko. Mwaka 2007 watafiti, akiwamo Sarah Tishkoff, walilinganisha vinasaba vya mitokondria na vya kromosomu Y, wakabaini kuwa Wahadzabe walitengana na Wasan wa kusini mwa Afrika makumi ya maelfu ya miaka iliyopita. Hata hivyo, wanaisimu wanaokihesabu Kihadza leo kuwa lugha isiyo na ndugu hutegemea msamiati na sarufi, si seli.

Mitokondria hurithiwa hata mama asiposema neno. Kihadza hakirithiwi hivyo: kitadumu Yaeda Chini iwapo tu watoto watasemeshwa kwa lugha hiyo.